Émile Basly: mutoto wa mugodi aliyekuwa meya wa Lens

Wandugu wa mugodi, mara nyingi tunasikia watu wakisema: kazi ya mufanyakazi ni kutoboa majiwe, mambo ya muji ni ya wale waliosoma. Leo tuangalie maisha ya mutu mumoja wa Ufaransa aliyeonyesha kama neno hilo si la kweli.

Émile Basly alizaliwa Valenciennes, tarehe 29 mwezi wa tatu 1854. Alibaki yatima, na akiwa mutoto bado akaingia chini ya udongo, katika migodi ya makaa ya kampani ya Anzin. Juu ya kutetea wenzake alifukuzwa kazi. Hakuna kampani iliyotaka kumupokea tena. Alifanya nini? Alifungua nganda kule Denain, na wachimbaji wakakuja kunywa na kuzungumuza mambo ya mushahara.

Mwaka 1884 mugomo mukubwa ukalipuka Anzin, ukaendelea siku 56. Basly alikuwa mumoja wa viongozi wake. Mwandishi Zola alifika kule kutazama, kisha akaandika kitabu Germinal. Ndani yake mwenye nganda ni mutu aliyefukuzwa mugodini, sawa na Basly. Mugomo ulishindwa, wengi wakapoteza kazi. Lakini katika mwezi wa tatu wa mwaka ule ule, sheria ya Ufaransa iliruhusu sendika.

Mwaka 1885 Basly akachaguliwa mubunge. Mwaka 1891 alikuwa mukubwa wa sendika ya wachimbaji wa Pas-de-Calais. Kisha mugomo wa mwaka ule, kampani zilikubali kuketi pamoja na sendika kule Arras na kutia mukono kwenye mapatano. Mbele ya pale, patron alikuwa anaongea na mufanyakazi mumoja mumoja tu. Na mumoja peke yake, unajua, hana nguvu.

Mwaka 1900 akawa meya wa Lens, muji wa makaa. Alibaki meya mpaka kufa kwake, miaka 28.

Si siku zote watu walimusifu. Tarehe 10 mwezi wa tatu 1906, moto ulipasuka katika mashimo ya Courrières, karibu na Lens. Watu 1.099 walikufa. Kampani iliacha upesi kutafuta wazima, lakini siku 20 kisha, watu 13 walitoka wenyewe, wazima! Hasira ikajaa, mugomo ukaanza, serikali ikatuma askari. Wafanyakazi wengine, pamoja na Broutchoux, walimulaumu Basly: amezoea kuketi na wakubwa, anataka mapatano ya haraka. Lawama hiyo kila kiongozi wa sendika anaijua. Ukiongea na patron, wanasema umeuzwa. Ukikataa kuongea, watoto wanalala njaa.

Vita vya 1914 vilipofika, Wadachi walikamata Lens. Basly, mwenye miaka 60, hakukimbia. Alibaki na raia wake chini ya mabomu mpaka walipohamishwa wote mwaka 1917. Aliporudia, muji ulikuwa rundo la matofali. Migodi ilikuwa imejaa maji. Akaanza kujenga upya. Alikufa tarehe 11 mwezi wa pili 1928, angali meya na mubunge.

Kwa nini habari hii inatuhusu hapa kwetu? Kode ya migodi ya 2018 inasema 15 kwa 100 ya redevance minière ni ya muji, komine, sekta ao sheferi kwenye mugodi unapatikana. Feza ile ni ya maji, ya masomo, ya barabara, ya dispansere. Anayeketi kwenye kiti cha meya ao cha burgumestre njo anayeishika. Basi tusiulize tu patron analipa ngapi. Tuulize pia komine imepokea ngapi, na imefanya nazo nini. Na wenzetu wanaojua shimo na joto lake wasiogope kusimama katika uchaguzi wa konseye za komine. Basly hakuzaliwa na diplome. Alizaliwa masikini, akajifunza kuongea mbele ya wenzake.