Mashine ya sukari huuzwa rahisi, faida imo kwenye stripu

MFANYABIASHARA anayefikiria kuingiza mashine za kupimia sukari ya damu, na mwekezaji mdogo anayetazama hisa za watengenezaji wake, wanashughulika na bidhaa moja yenye bei mbili. Bei ya kwanza ni ya mashine yenyewe. Bei ya pili, ambayo ndiyo inayoendesha biashara yote, ni ya vijiti vya kupimia, ambavyo madukani huitwa stripu.

Kila kipimo hula stripu moja, na stripu ikishatumika hutupwa. Aidha, stripu za kampuni moja haziingii katika mashine ya kampuni nyingine. Ndiyo sababu watengenezaji wako radhi kuuza mashine kwa bei ya kutupa, na mara nyingine kuigawa bure kwa wagonjwa wa kisukari. Ni biashara ya wembe: mshikio unauzwa mara moja, nyembe zinanunuliwa maisha yote.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mashine ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Ames ya Marekani karibu na mwaka 1970, ilikuwa na uzito unaozidi kilo moja na ilikusudiwa madaktari na hospitali. Mhandisi mmoja mwenye kisukari, Richard Bernstein, alikataliwa kuuziwa kwa kuwa hakuwa daktari. Mkewe, aliyekuwa daktari, ndiye aliyeagiza kwa jina lake, na mashine hiyo iliwagharimu dola 650. Bernstein alianza kujipima mwenyewe mara kadhaa kwa siku, jambo ambalo wataalamu wengi wa wakati huo hawakulipenda.

Soko lilifunguka baadaye. Mwaka 1987 ilitoka mashine ya ExacTech ya kampuni ya MediSense, yenye umbo la kalamu. Mwaka 1993 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliohusisha wagonjwa 1,441, yalionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Kujipima nyumbani kukawa sehemu ya matibabu, na makampuni makubwa yakaingia kwa fedha nyingi. Abbott ilinunua MediSense mwaka 1996. Mwaka uliofuata Roche ilikubali kununua Boehringer Mannheim kwa takriban dola bilioni 11.

Kwa miaka mingi stripu zilileta faida nono. Upepo ulibadilika Julai 2013, wakati bima ya wazee ya Marekani, Medicare, ilipoanza kulipa bei za zabuni. Malipo ya stripu 100 pamoja na sindano za kutobolea kidole yalishuka kutoka dola 77.90 hadi 22.47. Muda si mrefu, majina makubwa yakaanza kuuzwa. Bayer iliuza kitengo chake cha kisukari, mauzo yaliyokamilika Januari 2016, na sasa kinaitwa Ascensia. Johnson & Johnson iliuza LifeScan mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 2.1, na mwezi Julai 2025 LifeScan hiyohiyo, ikielemewa na madeni, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Pigo jingine lilitoka kwa vihisio vinavyobandikwa kwenye ngozi na kupima sukari mfululizo bila kutoboa kidole kila mara. Abbott ilianza kuuza FreeStyle Libre barani Ulaya mwaka 2014, na mshindani wake mkubwa ni Dexcom, pia ya Marekani. Mwekezaji anayesoma taarifa za makampuni haya atofautishe mapato ya vihisio na yale ya stripu. Kihisio nacho hubadilishwa kila baada ya siku kadhaa, kwa hiyo ule wembe bado upo, ila umepanda bei.

Kwa mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni, hesabu ni nyepesi lakini wengi hawaifanyi. Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni. Mashine ya kwanza inauzwa Sh 30,000 na boksi la stripu 50 ni Sh 25,000. Mashine ya pili ni Sh 60,000 na boksi lake ni Sh 15,000. Anayepima mara mbili kwa siku hutumia stripu 730 kwa mwaka, yaani maboksi 15. Mashine ya "rahisi" itamgharimu Sh 405,000 mwaka wa kwanza. Ile ya "ghali", Sh 285,000. Muuza duka mwenye akili humweleza mteja hesabu hii kabla ya kufungua kabati, maana mteja aliyeshindwa kununua stripu huacha kupima, na duka humkosa.

Jambo la pili ni usahihi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka vipimo 95 katika kila 100 visipotoke zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapofika 5.55 au zaidi. Maana yake, sukari halisi ikiwa 10, mashine inaweza kusoma 8.5 au 11.5 na bado ikahesabiwa nzuri. Kwa anayetumia insulini tofauti hiyo si ndogo, na mashine isiyofikia hata kiwango hicho haifai kuwekwa rafuni kwa bei yoyote.

Kuna pia mashine za zawadi kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Huko husoma kwa miligramu, wakati hospitali za Tanzania na Kenya husoma kwa milimoli. Ya kule ikionyesha 126, hapa ni 7.0, hugawanywa kwa 18. Wapo wanaoshtuka bure, na baada ya mshtuko wanagundua kwamba stripu zake hazipatikani mjini.

Stripu za magendo nazo ni hatari. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya stripu bandia zilizobeba jina la OneTouch. Mnunuzi wa jumla hana budi kulinganisha namba ya toleo kwenye boksi na ile ya kwenye kichupa, na kudai risiti ya msambazaji anayetambulika. Kwa Tanzania, vifaa tiba viko chini ya TMDA.

Kabla ya kuagiza shehena, mwenye mtaji mdogo aangalie ghala lake. Stripu nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, pakavu, na Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi joto la mchana huvuka hapo. Boksi lililobakiza miezi minne kabla ya muda wake kwisha huuzwa kwa punguzo kubwa, lakini anayepima mara moja kwa wiki huhitaji karibu mwaka mzima kumaliza stripu 50.