Chakula cha jioni, na baba yuko safarini

Kwa watu wengi wa mjini Krismasi ni siku moja. Kwa dereva wa basi la mikoani ni majuma matatu ya kutoonekana nyumbani. Naandika haya nikiwa mke wa mmoja wao, tena karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako Desemba nayo ni mwezi wa kufunga hesabu. Watoto wetu ni watatu: binti wa miaka 16, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa amekwisha maliza darasa la saba, na kitinda mimba wa miaka 6. Yaliyopita kwenye mkeka wetu wa chakula, jioni hadi jioni, tangu Jumatano tarehe 18 Desemba 2024 mpaka mkesha wa sikukuu, nayasimulia kwa kuwa najua nyumba yetu si ya peke yake.

Hapana budi nieleze kwanza ratiba ya mwenzangu. Mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kwa miaka mingi kwa sababu ya ajali, na yakaruhusiwa tena mwaka 2023. Kabla ya hapo dereva aliondoka alfajiri na usiku alikuwa amelala mahali. Sasa basi lake huondoka kituo cha Mbezi saa 3 usiku, likafika Arusha asubuhi baada ya kilomita zaidi ya 600, na usiku unaofuata hurudi Dar es Salaam. Madereva huwa wawili, hupokezana. Katika Desemba basi huenda kaskazini limejaa mpaka hakuna pa kuweka mguu, likarudi huku na abiria wanaohesabika, maana nani atoke Kilimanjaro kuja Dar es Salaam juma la Krismasi? Lakini dereva hachoki nusu kwa sababu viti viko vitupu.

Basi Jumatano hiyo hakuwapo. Jioni ya Jumanne nilikuwa nimeroweka maharage kilo moja na nusu, na Jumatano saa 11 alfajiri yakawa jikoni. Nikayachemsha yote mpaka yakalainika, bila chumvi, bila nazi, bila kitunguu. Wako akina mama wanaounga sufuria nzima kwa mara moja, kisha wanashangaa kesho yake yamechacha. Kwa joto la Dar es Salaam la Desemba tui la nazi halistahimili usiku mmoja. Maharage matupu, yakichemshwa asubuhi na jioni na kufunikwa vizuri, hustahimili, na kila siku huchota kiasi ukaunga upendavyo. Siku ile tulikula wali na maharage ya nazi. Watoto walikula wakitazama mlango, kwa mazoea tu, maana walijua baba yao yuko Arusha.

Alhamisi sikupika mimi. Mwenzangu alirejea asubuhi nikiwa nimekwisha kwenda kazini, akalala, akaamka, na saa 11 jioni akaondoka tena kwenda kituoni, huku mimi ningali katika foleni ya kungojea mwendokasi. Mtu na mumewe wamelala nyumba moja katika siku moja, na hawakuonana. Nilifika Kimara saa 2 na nusu usiku. Binti yangu alikuwa amesonga ugali na kupika dagaa kwa nyanya na bilinganya. Ugali ulikuwa na madonge, na dagaa walikuwa wametiwa chumvi mara mbili, yeye mara moja na mdogo wake mara moja, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Tulikula tukinywa maji mengi. Kwenye mkeka nilikuta karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa mume wangu: “Mama, dagaa ni wazuri. Nimewaonja kabla ya chumvi ya pili.”

Ijumaa niipite upesi. Nilichelewa zaidi, na jirani yetu, mama wa Kiislamu tunayepakana naye ukuta, alipoona taa ya jikoni haijawashwa mpaka magharibi, akawaletea watoto sinia la pilau. Nilipokwenda kumshukuru alinijibu, “Ahsante ya nini, mwanangu? Nawe si utapika Jumatano?” Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na tangu hapo nikawa na deni.

CHAKULA KITUONI

Jumamosi nilitoka kazini saa 6 mchana. Mwenzangu alikuwa amerudi asubuhi, lakini badala ya kulala alikwenda gereji na basi, maana breki zilikuwa zikilia. Akanipigia simu: hatakuja nyumbani kabisa, atalala saa mbili tatu hukohuko gereji na kuondokea huko. Nilikuwa nimesimama Kivukoni. Nikajiambia, kama yeye haji kwenye chakula, chakula kitamwendea.

Feri hapo ni hatua chache tu. Nikanunua vibua, samaki wa mfukoni mwetu, nikawatia katika ndoo ndogo yenye mfuniko na kupanda nao basi. Waliokuwa karibu yangu walinuna na kugeuza nyuso, isipokuwa mzee mmoja aliyeuliza bei, kisha akauliza nawapikaje. Nikamweleza nitakavyomweleza msomaji: wapasue mbavuni, wapake ndimu, chumvi na kitunguu saumu kilichotwangwa, waache saa nzima, kisha wakaange wakauke. Samaki mkavu wa namna hii husafiri. Mchuzi hausafiri, humwagika, na ukikaa katika joto huharibika upesi kuliko ugali wake.

Saa 1 na nusu usiku tulikuwa kituo cha Mbezi, mimi na watoto watatu, na hotpoti ya wali, samaki, na kachumbari katika kopo. Kituo hicho, kilichofunguliwa mwaka 2021, ni kikubwa, lakini usiku ule hapakuwa na pa kukaa. Mabegi, magunia, majogoo waliofungwa miguu, watoto wamelazwa juu ya vitenge, wakatisha tiketi wakiita Moshi, Arusha, Karatu. Tulimkuta baba yao ubavuni mwa basi akimulika tairi kwa tochi.

“Shikamoo baba,” watoto wakasema kwa pamoja.

“Marahaba. Mmefuata nini huku?”

“Tumekuletea chakula,” akasema kitinda mimba. “Na sisi hatujala.”

Tulikaa kwenye ukingo wa saruji, tukatandaza kanga, tukala. Dereva mwenzake tulimkaribisha, akanawa. Dakika 25 hivi. Mwanangu wa kiume alimsimulia baba yake kuhusu shule aliyochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, habari ambayo baba alikuwa ameipata kwa simu tu, na ilikuwa mara ya kwanza kuona uso wake akiisikia. Ada ya sekondari ya serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi havikufutwa, na Januari haikuwa mbali. Tulikuwa na bahasha kwa ajili hiyo. Niliona pia jambo ambalo sikulipenda: mume wangu alikuwa akitafuna samaki macho yamefumba.

Jumapili, baada ya ibada, tulipika makande. Mama mkwe wangu yu hai, anaishi Same, na mahindi aliyatuma yeye. Wapare hawahitaji kufundishwa makande; mimi niliyezaliwa Tanga mjini nilifundishwa naye. Shida yake ni moto. Mahindi makavu hula mkaa kama nini, kwa hiyo nayachanganya na maharage yaliyokwisha iva baadaye, mahindi yakikaribia kulainika, badala ya kuanza navyo vyote pamoja. Akinisoma atakasirika, lakini mkaa hanunui yeye.

Alipiga simu tukiwa tunakula. Alitaka kujua kama kweli hatuendi. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, hata mmoja wao akipakatwa, ilikuwa imetushinda, na hilo nilimweleza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mwanawe hupita mbele ya mlango wake usiku wa manane mara nne kwa juma, na yeye husikia mabasi asijue lipi ndilo. Sikuwa na jibu. Nikampa simu kitinda mimba.

SIMU YA SAA 10

Jumatatu asubuhi baba alirudi na kikapu. Usiku, basi liliposimama Same kushusha abiria, mpwa wake alikuwa akimngoja kituoni na salamu za bibi: mahindi tena, na tangawizi ya Mamba Miamba, ile ya milimani yenye harufu ya kukufanya upige chafya. Mwenzangu alilala kama gogo. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya nusu siku, nikasema hatimaye tutakula chapati, za kusukumwa taratibu, na maharage yaliyobaki nitayaunga kwa tangawizi hiyo.

Saa 10 jioni simu ikalia. Alikuwa msimamizi wake. Abiria wamejaa, basi la ziada limepatikana, liondoke saa 2 usiku. Dereva mwenzake amekwisha pangwa kwenye gari jingine, hivyo aende peke yake, mbele ya safari atatafutiwa wa kumpokea. Na posho itakuwa maradufu.

Mume wangu alisema atapiga simu baada ya chakula. Tukasogeza chakula mbele, tukakaa mkekani saa 11 na jua likali nje. Hapakuwa na mazungumzo. Mimi, na naungama hapa mbele ya wasomaji, nilikuwa nikihesabu. Posho ya kawaida ya safari ile tulikuwa tumeitegemea kwa nyama ya sikukuu, na maradufu yake ingemalizia sare na viatu. Nilitamani aseme anakwenda, kisha nikatamani asiseme.

Aliinua chapati, akaichovya, mkono ukasimama kati ya bakuli na mdomo. Akasinzia. Ilikuwa kitambo kifupi, pengine pumzi tatu. Mchuzi ulidondoka kwenye kanga. Binti yetu akamgusa goti. “Baba,” akamwambia, “na kule njiani ukifika hapa, nani atakugusa?”

Si desturi ya nyumba yetu mtoto kumhoji baba yake hivyo, na nilitaka kumkemea. Baba yake alinizuia kwa mkono. Akanawa, akatoka uani, tukamsikia akizungumza na simu kwa heshima zote: hawezi, hajalala vya kutosha, na safari kama ile si ya dereva mmoja. Alijibiwa kwa sauti kubwa. Alirudia jibu lake lilelile mara tatu. Aliporudi ndani alitueleza kwamba posho ya safari ile imekwenda, na kwamba Krismasi yote hatapangwa gari. Baada ya hapo, wataona.

“Wataona nini?” nikauliza.

“Wataona,” akasema, akaomba chapati nyingine.

Usiku ule, watoto walipolala, tuliimwaga bahasha kitandani. Mama yangu mzazi hupenda kusimulia Krismasi za mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipopanga foleni kwa kilo ya sukari na kula ugali wa unga wa njano ambao watu wa mjini waliubatiza jina la Yanga. Hadithi hizo hazinunui viatu. Tulikubaliana hivi: nguo mpya za sikukuu hakuna kwa yeyote, wazazi wala watoto, nyama ya ng’ombe hakuna, jogoo wetu wa uani, aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya mgeni, atachinjwa. Bahasha ya shule haiguswi. Kuhusu “wataona” hatukukubaliana lolote. Mpaka taa inazimwa yeye alikuwa akitazama dari.

Jumanne tarehe 24 ofisi ilifungwa saa 6 mchana. Nilipita Kariakoo kwa ajili ya kitambaa cha sare tu, nikitembea katikati ya magauni ya watoto yaliyotundikwa njia nzima, nikafika nyumbani kabla ya saa 10. Baba yao alikuwa amelala usiku kucha na tena mchana. Nilimkuta uani amekaa juu ya kigoda, akimenya vitunguu saumu na kulia, huku kitinda mimba akimsimamia kama mkaguzi wa magari.

Chakula cha mkesha kilikuwa makande yaliyobaki, yaliyokaangwa kwa kitunguu, na chai ya tangawizi. Tulikula wote watano, kwa mara ya pili tu juma lile ukiacha kile cha kituoni. Alizungumza na mama yake kwa simu muda mrefu, kwa Kipare, akamwahidi kwamba safari yake ya kwanza baada ya sikukuu, gari lolote atakalopewa, na kama hatapewa gari basi kwa kiti cha abiria, atashuka Same kulipokucha.

Kisha tukachambua mchele wa pilau kwenye sinia la jirani, ambalo lilikuwa lingali kwetu tangu Ijumaa. Mvulana alitaka kujua litarudi na nini. Nikamwambia litarudi na pilau na paja moja la jogoo. Akauliza paja la pili ni la nani, na hapo mabishano yakaanza ambayo hayakwisha mpaka saa 4 usiku.