Kinyonga hana sumu, tulidanganywa

Leo siasa naziweka pembeni, kuna jambo linaniuma.

Mwezi uliopita mpwa wangu, yuko darasa la pili, alimpiga kinyonga mawe mpaka akafa, hapa hapa uani kwetu Tanga. Akaja mbio kuniambia, akitegemea nimsifu. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka: mimi ndiye niliyemwambia kinyonga ana sumu! Na mimi niliambiwa na wakubwa, nao waliambiwa na wakubwa zao. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu kabisa. Anakula panzi, nzi na wadudu wengine, basi. Ukimuudhi anaweza kukung'ata, lakini hufi.

Jamani, tunalalamika watoto wa siku hizi ni TV tu. Huyu dogo simba na tembo anawajua wote kwenye TV, ila kinyonga wa kwao anamjua kwa jiwe. Serengeti siwezi kumpeleka, nauli sina. Nikaamua tuanzie uani.

Tuna mlimau mmoja. Majani yalikuwa na matobo, mama akataka kupuliza dawa. Nikamwomba aniachie mwezi mmoja. Akasema haya, ila majani yakiisha malimau utaninunulia wewe.

Sasa sikilizeni. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hutaga mayai kwenye majani ya mlimau, mndimu na mchungwa, moja moja, madogo kama kichwa cha pini. Kiwavi akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake hiyo, nani atakula kinyesi? Akikua anakuwa wa kijani. Ukimgusa anachomoa vitu kama pembe mbili za rangi ya chungwa, vyenye harufu kali. Siku ya kwanza dogo alikimbia. Siku ya pili alileta wenzake watatu waje kuona. Baadaye kiwavi anajifunga kwenye kijiti anakuwa pupa (siyo ile pupa ya kula!), anakaa humo kama wiki mbili hivi.

Tulihesabu viwavi saba. Kila siku wakawa wanapungua, ndege wanawala. Dogo alilia. Nikamwambia ndege naye ana watoto, hakuridhika sana. Mmoja tu ndiye aliyefika mwisho. Alitoka asubuhi, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kibichi, yakanyooka polepole. Dogo alichelewa shule, kosa langu.

Msidhani ni mchezo wa watoto tu. Kule Gede, Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianza 1993. Wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walianza kufuga vipepeo na kuuza pupa kwenye maonyesho ya Ulaya. Msitu ukikatwa, vipepeo hakuna na hela hakuna. Ndiyo maana ya kuulinda.

Ukitaka kujaribu kwenu:

1. Usipulize dawa kwenye mti ambao watoto wanauangalia. Mti mkubwa haufi kwa viwavi wachache. Kama ni mche mdogo, wahamishie kwenye mlimau au mndimu mkubwa.

2. Kiwavi mwenye manyoya asiguswe, anawasha. Mwambie mtoto mapema.

3. Weka maji kwenye sahani, na jiwe katikati, ndege waje kunywa. Yabadilishe kila siku, usije ukafuga mbu.

4. Huna uwanja? Panda shubiri kwenye ndoo iliyotoboka. Ikichanua, chozi atakuja mwenyewe kunywa utamu wa maua.

5. Mtoto akiuliza usilolijua, mwambie "twende tukaangalie". Usimtungie uongo kama nilivyofanya mimi.

Mlimau wetu uko hai na mama kanyamaza. Kinyonga mwingine bado hatujamwona. Ila kila akirudi shule dogo anapitia kwenye michongoma kuangalia, na hana jiwe mkononi.

Haya wadau, muda wangu hapa kafe unakwisha. Nyie kwenu mliambiwa nini kuhusu kinyonga? Mwageni hapo chini.