"Mwili Umeshazoea"? Usidanganyike!

Hebu pita saluni yoyote pale Ng'ambo, Tabora, siku ya Jumamosi. Dada anasukwa, tumbo limeshachomoza, na mashosti wanamtania: "Hiyo mimba ya tano bwana, mwili umeshazoea!" Naye anacheka. Kliniki? Ataenda mwezi wa sita, kwani haraka ya nini?

Mpenzi msomaji, usemi huo una ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoliza watu.

Kondo linajenga njia

Tabora ilikua kwa sababu ya njia: misafara ya Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji. Mtoto tumboni naye anaishi kwa njia, ila zake ni za damu. Kondo la nyuma hutoa vichocheo vya kukuza mishipa ya damu. Kimojawapo wataalamu wanakiita PlGF. Lakini kondo hilohilo hutoa pia protini inayovinasa vichocheo hivyo. Ikizidi, mishipa ya mama inaumia: presha inapanda, mkojo unakuwa na protini, na kifafa cha mimba kinabisha hodi.

Hapo mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Kwa wastani, protini hiyo huwa nyingi kwa mama wa mara ya kwanza kuliko kwa aliyekwisha kuzaa. Malaria nayo inachochea. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Muheza, Tanga, walichapisha kwamba kwa wenye mimba ya kwanza, malaria kwenye kondo ilihusishwa na presha. Waliobeba mimba kadhaa kwenye maeneo ya malaria huwa wameshajenga kinga dhidi ya vimelea vinavyojificha humo.

Kwa hiyo mashosti hawakukosea kabisa.

Sasa sikia hii

Nafuu hiyo haidumu milele. Utafiti mkubwa wa Norway wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mama akikaa miaka kumi au zaidi bila kuzaa, hatari ya kifafa cha mimba inakaribia ile ya mimba ya kwanza.

Na ukifika uzazi wa tano kuendelea, balaa linabadili mlango. Mji wa mimba unaweza kushindwa kujikaza baada ya kujifungua, damu ikamwagika. Kondo nalo linaweza kujishikiza chini, likaziba njia ya mtoto. Hayo si mambo ya mbali: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8.

Mfanyeje basi?

• Anzeni kliniki kabla ya wiki 12, hata kama ni mimba ya sita. Presha na mkojo vipimwe kila mara.

• Chandarua kila usiku, na dawa ya SP kama mtakavyoelekezwa kliniki.

• Baada ya kujifungua, subirini angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mwingine. Ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani.

• Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso umevimba, au damu inatoka? Hospitali, saa hiyohiyo!

Na wewe kaka, usiishie kutoa nauli. Ongozana na mwenzio, uliza maswali, pangeni pamoja idadi ya watoto. Mwili haujazoea, umevumilia tu.