PICHA MBAYA YA DVD KWENYE KOMPYUTA: TUSIKIMBILIE KUNUNUA MASHINE MPYA



Matawi mengi ya chama chetu hapa Uganda bado yanatumia filamu za DVD kufundishia usalama kazini. Zamani tulizionyesha kwa deki na televisheni. Siku hizi katibu wa tawi anabeba kompyuta ya mkononi na projekta, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza: filamu ileile iliyokuwa safi kwenye televisheni, kwenye kompyuta inaonekana mbovu.

Aibu hiyo imenipata mimi mwenyewe. Nilikuwa katika tawi moja la kiwanda cha kukoboa kahawa, ambako mwenzetu mmoja alikwisha kupoteza vidole viwili kwenye mkanda wa mashine. Tulileta filamu inayoonyesha jinsi fundi anavyozima umeme, anavyotia kufuli kwenye swichi na kuweka ufunguo mfukoni mwake kabla hajaingiza mkono ndani. Fundi alipokuwa ametulia, picha ilikuwa nzuri. Alipousogeza mkono, ukachanika kama meno ya kitana. Mzee mmoja, mwendesha mashine wa siku nyingi, akauliza, "Ndugu, huyo anashika nini?" Nikajaribu kueleza kwa mdomo, lakini kama maneno ya mdomo yangetosha, tusingebeba filamu.

Kompyuta tukaipeleka katika duka moja mjini. Tukaambiwa imezeeka, tununue nyingine. Kamati ya tawi ilikuwa tayari kutoa fedha za michango ya wanachama. Aliyekataa ni mama mweka hazina. Alisema hatatia sahihi mpaka aelezwe kompyuta ina ugonjwa gani. Namshukuru sana, kwa sababu kompyuta haikuwa na ugonjwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini jambo hili nimelifuatilia mpaka nikalielewa, na kila mmoja wenu anaweza kulielewa.

Kwanza hatuna budi kujua ubovu uko wapi. Chukueni DVD hiyohiyo, mkaitie kwenye deki na televisheni ya mtu mwingine. Ikiwa huko nako picha ni mbaya, basi kompyuta msiisingizie. Kosa ni la diski. Ikiwa huko ni nzuri, diski ni nzima, na kosa litafutwe kwenye kompyuta.

Sasa yale meno ya kitana. Televisheni za zamani, zile zenye chogo, hazikuchora picha nzima kwa mara moja. Zilichora kwanza mstari wa 1, wa 3, wa 5 mpaka chini, kisha zikarudi juu kuchora wa 2, wa 4, wa 6. Katika nchi zetu nusu-picha hizo zilikuwa 50 kila sekunde; Marekani na Japani zilikuwa karibu 60. Jicho la mtu haliwezi kufuata mbio hizo, kwa hiyo aliona picha moja iliyo kamili. Filamu nyingi zilizopigwa kwa kamera za video za wakati huo zimewekwa ndani ya DVD hivyohivyo, nusu kwa nusu.

Kioo cha kompyuta kinaonyesha mistari yote kwa pamoja. Basi kompyuta isipoelekezwa, inachukua zile nusu mbili na kuzisuka kama mkeka. Lakini nusu ya pili ilipigwa baada ya ile ya kwanza. Ni kama kuwaambia makarani wawili wamchore mtu mmoja: wa kwanza achore mistari ya 1, 3 na 5, na wa pili aanze mwenzake atakapomaliza. Mtu akiwa amesimama, mchoro utatoka sawa. Akiwa anatembea, atatoka na mikono iliyochanika, maana karani wa pili alimkuta amekwisha sogea. Ndiyo sababu fundi wetu alikuwa mzima alipotulia na akachanika alipofanya kazi. Na katika filamu ya usalama, pale anapofanya kazi ndipo tunapotaka kuona!

Dawa yake ni kuiagiza programu izilinganishe zile nusu mbili. Wengi wetu tunatumia VLC, programu isiyolipiwa, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 imeachwa huru kwa watu wote. Tena inatufaa kwa sababu Windows, kuanzia ile ya 8 ya mwaka 2012, haichezi DVD bila kuongezewa programu. Filamu ikiwa inakwenda, bonyezeni herufi D. Au fungueni palipoandikwa Video, halafu Deinterlace, mchague On. Chini yake pana orodha ya namna za kufanya kazi hiyo. Jaribuni kwanza ile inayoitwa Yadif. Kompyuta ikiwa dhaifu na filamu ikaanza kurukaruka, chagueni Bob, ambayo haiichoshi mashine. Ile ya Blend siipendi, inaacha kivuli nyuma ya kila kinachotembea. Tulipofanya hivyo katika tawi lile, kufuli likaonekana, na ufunguo ukaonekana ukiingia mfukoni. Hatukutoa hata shilingi moja.

Lalamiko la pili ni picha kuwa na ukungu, kama mtu anatazama kupitia chandarua. Hapa yafaa tuseme kweli: mara nyingi hakuna kilichoharibika. Picha ya DVD ya kwetu ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwenda chini, jumla nukta 414,720. Kioo kikubwa cha siku hizi kina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Pigeni hesabu, ni mara 5 kamili. Maana yake kila nukta ya filamu inalazimishwa kufanya kazi ya nukta tano. Anayewauzia kompyuta yenye kioo bora zaidi ili DVD ionekane vizuri anawapeleka upande usiofaa, kwa sababu kioo kikiwa na nukta nyingi zaidi, picha inatanuliwa zaidi. Punguzeni ukubwa wa picha, au watu wakae mbali kidogo.

Kuna na vijiraba vinavyotokea penye moshi, maji au watu wengi. Hivyo aghalabu ni vya zile DVD za mitaani zenye filamu kumi katika diski moja. DVD ya kawaida hubeba baiti bilioni 4.7, na hizo hutumika vizuri kwa filamu moja ya saa mbili hivi. Ukishindilia kumi, kila moja inabanwa mpaka inapoteza sura, na kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi kwa programu yoyote. Tafuteni nakala nyingine.

Lakini vijiraba vikija pamoja na picha kukwama na sauti kukatika, hapo ni vumbi au mikwaruzo. Pangusa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usizungushe. Habari ndani ya diski zimepangwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo unaharibu sehemu ndefu kuliko unaoukata.

Watu wakionekana wanene au wembamba kupita kiasi, nendeni kwenye Video, halafu Aspect Ratio, mjaribu 4:3 na 16:9. Moja itakuwa sawa.

Kuhusu projekta, nyingi tulizonazo zina nukta 1024 kwa 768, na nyingine 800 kwa 600. Kompyuta ipangwe itoe kipimo hichohicho cha projekta, la sivyo picha inapimwa upya mara mbili na kuharibika mara mbili. Na zibeni madirisha. Nimeona tawi likibadilisha waya wa projekta mara mbili, kumbe jua la saa tisa lilikuwa linapiga ukutani.

Kabla ya mkutano, jaribuni filamu siku moja mbele, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme, kwa kuwa nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Msitazame mwanzo wenye maandishi tu. Pelekeni mbele mpaka penye mtu anayetembea au mkono unaofanya kazi, maana picha iliyotulia huficha ubovu.