Saa Iliyo Ndani ya Moyo

Nani katika Goma asiyeijua chukudu, chombo kile cha mti chenye magurudumu mawili? Tangu mwaka 2009 hata sanamu yake imesimama mjini. Tumtazame kijana anayeisukuma kupanda kilima, imejaa magunia ya viazi. Punde moyo wake wapiga mbio. Akipumzika kivulini, watulia. Ni nani aliyeuamuru?

Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo kimo kipande kidogo cha nyama, ambacho Keith na Flack, wataalamu wa Uingereza, walikieleza mwaka 1907. Chembe zake huutangulia moyo wote, kama mpiga ngoma awatanguliavyo wachezaji.

Siri ya chembe hizo, kwa sehemu kubwa, ni kalsiamu, ile ile iliyomo katika mifupa, katika chokaa na katika maziwa ya Masisi. Mwaka 1883, huko London, daktari Sidney Ringer aliona kwamba moyo wa chura ukikosa kalsiamu huacha kupiga; akiitia tena, hurudia kazi yake.

Ndani ya kila chembe limo ghala dogo la kalsiamu. Kalsiamu hutoka humo kidogo kidogo, nayo husaidia kuamsha umeme katika ngozi ya chembe, mpaka umeme huo ufikie kipimo chake na kuenea moyoni kote. Hilo ndilo pigo moja. Kisha pampu ndogo hurudisha kalsiamu ghalani, na kazi yaanza upya. Mtu mzima aliyepumzika hupata mapigo 60 hadi 100 kwa dakika.

Kijana wetu asukumapo, adrenalini huziharakisha pampu hizo: ghala hujaa upesi na kufunguka upesi. Apumzikapo, mshipa mwingine wa fahamu huzipoza.

Basi, wazazi, tuangalie. Mtu asidhani kwamba maziwa mengi yataubadili mwendo wa moyo; mwili wenyewe hutunza kipimo cha kalsiamu katika damu. Lakini ziko dawa za presha, kama verapamili, zinazoizuia kalsiamu isiingie katika chembe za moyo. Zikitolewa na daktari, husaidia. Zikimezwa ovyo, huweza kuupunguza mwendo wa moyo hata mgonjwa azimie, au afe. Dawa ya jirani tusiimeze, wala tusiwape wazee wetu. Na mwenye kizunguzungu na mapigo ya polepole tumpeleke hospitali bila kukawia.