Je, Wajua? Fangasi Wasiokoma na Sukari Mwilini

Je, wajua kwamba fangasi wa sehemu za siri wanaorudi kila mara wanaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari? Sukari ikizidi kwenye damu, nyingine hutoka na mkojo, na fangasi aina ya kandida hustawi humo. Wanaume nao huwapata, hasa chini ya govi.

• Jijini Kigali, katika Siku Isiyo na Magari iliyoanzishwa mwaka 2016, barabara hufungwa, watu hukimbia, kisha hupimwa sukari bure: tone moja la damu kwenye ncha ya kidole.

• Vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni hutibu, lakini sukari isiposhuka, fangasi hurudi.

• Flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, ikitumiwa pamoja na glibenklamidi, dawa ya kisukari, inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mtajie mfamasia dawa zako zote.

• Dawa za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo, kama dapagliflozini, huchochea fangasi. Usiache kuzitumia kabla ya kumwona daktari.

• Vaa chupi za pamba, wala usioshe ndani ya uke kwa sabuni.